Msumeno wa meza wa kabati kwa karakana ya nyumbani: anza na umeme, halafu kisu na fensi, HP baadaye

Mashine yangu ya kwanza ya kabati ilifika jioni kwa kirikuu, tukaishusha watu sita, tukaipanga karakanani, fundi umeme akaunganisha, nikabonyeza swichi, breka ikaanguka. Tukairudisha ikaanguka tena. Mara ya tatu ikakubali kuwaka lakini ikawa inazunguka kwa uzito, na baada ya kama robo saa ya kupasua mninga huwezi kuweka kiganja juu ya mota. Nikadhani nimeuziwa mashine mbovu, kumbe mashine ilikuwa nzima kabisa, tatizo ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani, aliyeniuzia hakusema na mimi nilikuwa sijui kusoma kile kibao kidogo kinachobandikwa kwenye mota. Hela niliyotumia kuirekebisha ingenunua mbao za vitanda kadhaa. Ndo maana mtu akiniuliza anunue msumeno gani wa meza kwa ajili ya nyumbani simtajii kampuni kwanza, namuuliza kwako kuna umeme gani.

Kile kibao kina maandishi machache tu ila yanakwambia karibu kila kitu. Kuna V ambayo ni volti, kuna Hz yaani umeme unabadili mwelekeo wake mara ngapi kwa sekunde, kuna A yaani ampea inazokula, kuna kW au HP ambayo ni nguvu ya mota, kuna RPM yaani mizunguko kwa dakika, na kuna Ph au PH ambayo ni fezi. Huku kwetu Tanzania umeme wa nyumbani ni 230V na 50Hz, Kenya ni 240V na 50Hz pia, wakati Marekani na Kanada ni 60Hz. Sasa watu wengi wanajua habari ya volti, wanasema aah ntaweka transfoma, lakini transfoma inabadili volti tu, haigusi Hz hata moja. Mota iliyoandikwa 3450 RPM kwa 60Hz ukiileta huku itazunguka kama 2850, yaani bledi inapungua spidi karibu sehemu moja ya sita, na hilo ndo dogo. Kubwa ni kwamba mota ya 60Hz ukiipa volti zilezile kwenye 50Hz sumaku ya ndani inazidiwa, inavuta ampea nyingi kuliko ilivyopangiwa, inachemka, na kama unaipa kazi kila siku koili zinaungua. Mimi nilibadili mota nikafunga ya 50Hz, mabano ya kuishikilia yakabidi yachongwe upya na puli ikabadilishwa ili spidi ya bledi irudi. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko Texas akikwambia kaona mashine nzuri bei ya kutupa anakuwekea kwenye kontena, mwambie kabla hajalipa akupigie picha ya kibao. Mashine zinazotoka Uingereza, Ulaya na zile za China zilizotengenezwa kwa soko la huku kwa kawaida ni 50Hz, ila bado soma kibao usiamini mdomo wa mtu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo kwa anayeanza. Msumeno wa meza ni ile mashine ambayo bledi ya duara imetokeza katikati ya meza na wewe unasukuma mbao. Zipo za kubeba, zile za Makita, DeWalt, Bosch, Total, Ingco, mota yake ni ya kaboni kama ya grainda, ina kelele, ni nyepesi, unaipeleka saiti na kurudi nayo. Halafu kuna za miguu zenye mota inayoning'inia nyuma. Halafu ndo hizi za kabati, tunaziita hivyo kwa sababu mota, mikanda na vile vyuma vinavyoinua na kulaza bledi vyote vimefungiwa ndani ya boksi la chuma, na hivyo vyuma vimefungwa kwenye boksi lenyewe, havijaning'inia chini ya meza. Uzito wake ni kilo 200 kwenda juu. Uzito huo ndo faida yake, haitikisiki, mkato unatoka laini, na ukitaka kuinyoosha bledi ilingane na meza unalegeza bolti chache za meza unaisogeza meza yenyewe badala ya kuingiza kichwa chini kupambana na mota.

Je unaihitaji? Kama kazi yako ni kukata plaiwudi mara moja moja na kutengeneza stuli, nakwambia kwa moyo mweupe, nunua ya kubeba iliyo bora, hela inayobaki nunua bledi nzuri. Ya kabati inalipa pale unapopasua mbao ngumu kila wiki, mninga, mkongo, mtiki, za inchi 2, na unataka kingo itoke imenyooka kiasi kwamba unapaka gundi bila kupiga randa.

Tukirudi kwenye umeme, maana hapa ndo wengi tunaumia. Mashine ya 3HP ni kama 2.2kW kwenye shafti, na ikifanya kazi inakula ampea 13 hivi au zaidi kutegemea mota. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ya 13A. Hesabu mwenyewe. Na mota ya aina hii wakati wa kuanza kuzunguka inavuta mara 5 mpaka 7 ya ampea zake za kawaida kwa sekunde moja mbili, kwa hiyo kuichomeka kwenye soketi ya pale sebuleni kwa ekstensheni ni kutafuta moto. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, mimi ya kwangu nilivuta wa milimita 4 za mraba, na breka ya 20A au 25A aina ya C, au D kama mota ina mwanzo mzito, ambazo zinavumilia ule mshtuko wa kuanza. Breka aina ya B ambazo ndo zimejaa majumbani zitakuangukia kila asubuhi. Na pima volti kwako jioni, saa moja au saa mbili usiku pale majirani wote wamewasha pasi na majiko, kwa sababu nguvu ya mota inashuka kwa mraba wa volti, volti zikipungua asilimia 10 nguvu ya kuzungusha inapungua karibu asilimia 19. Kuna mitaa ambayo 3HP jioni inafanya kazi kama 2HP, na mafundi wanalaumu bledi wakati bledi haina kosa.

Kuhusu fezi tatu. Mashine nyingi nzuri za mtumba kutoka Ulaya ni za 400V fezi tatu, na bei yake inavutia kwa sababu watu wa majumbani wanaziogopa. Kama una fezi tatu nyumbani, chukua bila kusita, mota ya fezi tatu inaanza vizuri, haina kepasita ya kuungua. Kama huna, kuna njia ya VFD, kile kiboksi kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, lakini angalia kibao kimeandikwa 230/400V. Kikiwa hivyo fundi anaibadilisha miunganiko ya ndani kuwa ya delta na VFD ya kawaida ya 230V inaiendesha vizuri. Kikiwa kimeandikwa 400/690V achana nayo, VFD ya 230V haitaipa volti inazotaka.

Kitu kingine cha umeme ambacho kwa mazingira yetu nakiona ni cha lazima kabisa ni swichi ya sumaku. Ni ile yenye kitufe cha kijani na kingine chekundu kikubwa, umeme ukikatika yenyewe inaachia, na ukirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze tena. Fikiria umeme umekatika katikati ya mkato, umesogeza mkono unatoa mbao iliyokwama, mtoto wa jirani kaingia, umeme unarudi na mashine imewekewa swichi ya kawaida ya ukutani. Kama mashine unayoitaka haina, omba bei ipunguzwe na ufunge siku hiyohiyo, na kitufe chekundu kiwe mahali unapoweza kukisukuma kwa goti.

Sasa kisu. Hapa naomba unisikilize vizuri maana naongea nikiwa nina maumivu, nina rafiki fundi ambaye vidole vyake viwili havipo na alikuwa anapasua paina ya inchi 1, mbao ya kitoto kabisa. Mbao zetu nyingi, hasa paina zinazotoka Mufindi, zinauzwa hazijakauka vizuri au zimekaushwa haraka, ndani yake kuna mvutano. Ukiipasua, ule mpasuo nyuma ya bledi badala ya kubaki wazi unajifunga, unaibana bledi kwa nyuma, na meno ya nyuma ya bledi yanapanda juu kuja upande wako. Yanaikamata mbao yanairusha kwako kwa spidi ya bledi, na mkono uliokuwa unaisukuma unaangukia kwenye meno. Inatokea kabla hujakonyeza jicho. Kinachozuia ni kile kisu cha chuma bapa kinachosimama nyuma ya bledi ndani ya mpasuo, kinauweka wazi.

Kisu kizuri kinapanda na kushuka pamoja na bledi na kinalala nayo, kinabaki karibu na meno, milimita 3 mpaka 8, na kinatoka bila kupangua nusu ya mashine, kwa sababu kikiwa kigumu kutoa siku moja utakitoa na hutakirudisha. Unene wake lazima uwe mdogo kuliko upana wa mkato wa meno na mkubwa kuliko bati la bledi, mfano meno yanakata milimita 3.2, bati ni 2.2, kisu kikawa 2.5 hapo ni sawa. Mashine nyingi za zamani za Marekani zimekuja na kile kifaa kilichofungwa nyuma kabisa ya meza pamoja na kava, kinasumbua, watu wanakitupa. Mimi mashine isiyo na sehemu ya kufungia kisu cha kupanda na bledi siinunui hata iwe ya bure, na nakusihi na wewe usinunue.

Kuna SawStop pia, watu wananiuliza sana. Ilibuniwa na Steve Gass, Marekani, na mashine zao za kabati zilianza kuuzwa mwaka 2004. Bledi inapitishiwa umeme mdogo, ngozi ikigusa mashine inahisi, kipande cha aluminiamu kinajipigiza kwenye meno na bledi inasimama chini ya milisekunde 5, unabaki na mkwaruzo. Ni kitu cha kweli na kinaokoa vidole. Ila kila ikifyatuka unanunua katriji mpya na bledi mara nyingi imekufa, na mbao yenye maji mengi inaweza kuifyatua, na mbao zetu mbichi unazijua. Kama una uwezo na umepata toleo la 50Hz, nunua na uagize katriji za akiba mbili tatu pamoja nayo usisubiri mpaka ifyatuke ndo uanze kutafuta mtu wa kukuletea.

Fensi ni ule upau mrefu wa pembeni unaoegemeza mbao. Kwa kazi ya kila siku hii ndo mashine yenyewe, mota inazungusha tu. Dukani ifunge fensi, halafu shika ncha ya mbali ya nyuma uisukume kwa kidole gumba, ikisogea na kubaki huko, hiyo haifai. Fungua funga mara tano, kila mara pima kwa tepu au kalipa umbali wa kutoka jino la mbele mpaka fensi na la nyuma mpaka fensi. Namba ziwe sawa, au nyuma iwe imefunguka kidogo sana, kama 0.1mm. Kamwe nyuma isiwe imebana, kwa sababu hapo unaitengenezea mbao mtego uleule niliousema juu. Fensi za umbo la T zile za chuma kizito zinazofungwa mbele kwa wenzo mmoja, ambazo Wamarekani wanaziita Biesemeyer kwa jina la aliyezibuni, ndo mimi naziamini, na uzuri wake fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukutengenezea nyingine ya kiwandani ikiharibika.

Halafu meza. Nenda na rula ya chuma iliyonyooka ya futi 3, ilaze kwa urefu, kwa upana, na kona kwa kona, tazama mwanga chini yake. Karibu na bledi usikubali bonde. Baada ya hapo chomoa umeme, weka alama kwenye jino moja kwa kalamu, pima umbali wake na ule mfereji wa meza unaokwenda sambamba na bledi likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono jino hilohilo liende nyuma, pima tena. Tofauti ikiwa ndani ya 0.1mm hiyo ni nzuri sana, ikiwa milimita nzima muulize muuzaji kama ataipanga kabla hujalipa. Zungusha shafti taratibu usikilize beringi, ikilia kama ina mchanga, ujue. Ikiwaka simamisha sarafu juu ya meza kwa ubavu, mashine iliyotulia sarafu inabaki imesimama. Na zungusha zile gurudumu za mkono mpaka mwisho, juu chini, 90 mpaka 45, kwa sababu vumbi lililogandia kwenye gia za mtumba linajificha huko.

Ukubwa usikuhangaishe. Bledi ya inchi 10 inatoa mkato wa karibu milimita 80 ikisimama wima, yaani mbao yako ya inchi 3 inapita. Ya inchi 12 ni nzuri kwa anayepasua nguzo, kwa nyumbani unalipia uzito na bledi ghali. Fensi za kufunguka inchi 52 zinapendeza machoni, lakini plaiwudi ni futi 4 kwa 8, ukiigawa katikati unahitaji inchi 24 tu, kwa hiyo ya inchi 30 inatosha kazi nyingi na inakuachia nafasi ya kupita. Nafasi ndo ya kupima kabla hujatoa hela: kupasua mbao ya futi 8 unahitaji futi 8 mbele na futi 8 nyuma ya bledi, jumla karibu mita 5. Kama karakana yako ni ile gereji ya gari moja, panga mashine ielekee mlangoni mbao itokee nje.

Bledi inayokuja na mashine mara nyingi ni ya kuonyeshea dukani. Tenga hela ya mbili tangu mwanzo, moja ya meno 24 ya kupasulia, nyingine ya meno 60 au zaidi kwa plaiwudi na kukata kwa kukingamisha, zote za meno ya kabaidi. Na hapa HP inaingia: 2HP na bledi kali ya meno 24 inapasua mkongo wa inchi 2 ukienda taratibu, na 3HP yenye bledi butu ya meno 60 itakuchomea mbao na kuzima. Mtiki una silika ndani yake inakula meno, na mvule una mawe kabisa, vile vipande vyeupe vigumu vinavyojificha ndani ya gogo, ukikutana nacho utasikia mlio unabadilika, simama hapohapo ukague meno. Hakikisha pia tundu la bledi, mashine za Marekani shafti yake ni 5/8 ya inchi, za Ulaya ni milimita 30, usije ukanunua bledi nne zisizoingia.

Vumbi nitasema kifupi lakini msilidharau, vumbi la mbao limewekwa na IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, na la mvule linawasha kifua na ngozi siku hiyohiyo. Kabati liwe na tundu la inchi 4 la kuunganisha mashine ya kuvuta vumbi, na kabati lenyewe liwe limezibwa vizuri maana mengine yana matundu kila upande. Kwa sisi wa pwani meza ya kasti inapata kutu ndani ya wiki, paka nta ya sakafu ile ngumu isiyo na silikoni, kwa sababu silikoni ikihamia kwenye mbao vanishi inakataa kushika inafanya vijicho.

Najua kuna watakaosema mbona pale Keko, Dar es Salaam, wanatengeneza fanicha safi kwa mashine zilizochomelewa na mafundi kwa vyuma vya engo na kufungwa mota ya mtumba. Ni kweli, na wale mafundi nawaheshimu sana. Ukichagua njia hiyo, kaa na fundi wako umwambie tangu mwanzo unataka sehemu ya kisu nyuma ya bledi, kava la mkanda, swichi ya sumaku, na bati la juu la unene wa milimita 8 au 10 lililonyooshwa baada ya kuchomelewa, sio kabla, kwa sababu moto wa kuchomelea unalipinda. Ukipata hivyo vinne umepata mashine ya kazi kwa hela ndogo.

Siku ikifika nyumbani usipasue kitu siku hiyo. Ifute grisi ya kiwandani, kaza kila bolti, panga bledi na mfereji, panga fensi, panga kisu, hakikisha 90 ni 90 kwa skwea. Tengeneza vijiti viwili vya kusukumia kwa mbao chakavu uvitundike kwenye mashine yenyewe. Kesho yake asubuhi ukiwa hujachoka chukua kipande cha paina kikavu cha futi 2, simama kushoto kidogo kwa bledi, usisimame kwenye njia yake, ndo uipasue.